Ndege haina presha, presha tunayo sisi: Twin Otter kwenye Ziwa Victoria, marubani semeni ukweli

#1 Mwana wa Igombe (mleta mada)

Wadau wa anga, mwangaluka.

Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, leo naleta jambo langu. Mimi ni rubani wa Caravan, ile Cessna ya injini moja, hapa Mwanza, masaa 1,400 na ushee, mengi yake Bukoba, viwanja vya migodini na Serengeti. Wiki iliyopita kampuni nyingine imeniita (jina nabaki nalo), wananipa kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, kwenye Twin Otter, ile 300 ya zamani. Kusaini ni Ijumaa.

Mama alipata habari, sijui kwa nani, na ameshatoa sadaka ya shukrani kwamba mwanaye "sasa atakuwa na injini mbili juu ya maji". Mke yeye kauliza swali moja: hiyo nayo haina presha? Nikamjibu haina, hewa ya ndani ni ya kimo kile kile cha nje. Akasema basi presha utakuwa nayo wewe.

Vitabu nimesoma. Ndege ilianza kuruka 1965 huko Kanada, ikatengenezwa hadi 1988, zikatoka 844, halafu wakaja kuifufua na ile 400 mpya. Siti 19. Uzito wa juu wa kuruka kilo 5,670. Inaanza kukimbia na inavuka kimo cha mita 15 ndani ya mita 366. Hayo yote ninayo. Ninachotaka ni yale ambayo mtu aliyeiendesha anamwambia mdogo wake wakiwa wanakula samaki pale Kirumba, mlango umefungwa. Nikubali au nibaki na Caravan yangu?

#2 Siti ya Nyuma

Nimeweka mkeka. Marubani wakianza kusemana ukweli mimi abiria napata sababu ya kupanda meli.

#3 Babu wa Pasiansi

Kijana, hongera. Nimekaa kwenye ndege hiyo miaka kumi na moja, sasa nimestaafu na goti langu la kushoto linaujua mwezi wa masika kabla ya redio. Nitaandika kwa mapenzi, na kwa hasira kidogo.

Kwanza, sahau mahali pa mkono wako. Leva za nguvu haziko kwenye meza kama za Caravan. Ziko juu, darini, katikati yenu wawili, mnazishika kama konda anavyoshika bomba la daladala. Wiki mbili za kwanza utapapasa hewa. Pili, pedali zako hazigeuzi gurudumu la mbele. Kuna kishikio kidogo upande wa kushoto wa usukani wa kapteni, hicho ndicho kinachokata kona ardhini, na wewe wa kulia huna. Kwa hiyo kuanzia eproni hadi kwenye njia ya kurukia wewe ni abiria mwenye mabega ya dhahabu. Usinune. Wote tumepitia.

Tatu, inavuja. Mvua ya Bukoba ikikukuta, tone la kwanza litatua gotini. Usimwandikie fundi kwenye kitabu, atakucheka. Mimi nilikuwa natembea na taulo la kunawia uso, na hilo goti ninalolilalamikia nadhani lilianzia hapo.

Sasa mapenzi. Hakuna ndege niliyowahi kushika inayokuja chini kwa utulivu kama hiyo. Flapu zake, vile vibao vya kuishikilia ndege hewani ukienda polepole, zimechukua ukingo mzima wa nyuma wa bawa, hata eleroni, vibao vya kulalia kona, zinashuka pamoja nazo. Unakuja na noti 75 (maili za baharini kwa saa), mtu mwenye pikipiki nzuri barabarani anakuona mwenzake. Unaposhusha flapu pua inataka kunyanyuka, unaisukuma, unarekebisha trimu, na baada ya hapo inaning'inia. Unachagua jiwe gani la ranwei unataka kulikanyaga. Kiwanja cha kisiwani Rubondo, kiboko kasimama kwenye nyasi: unapita juu yake mara moja, chini chini, unazunguka. Yeye anaondoka kwa muda wake. Ukirudi, hata akiwa amekuachia nusu ya kiwanja inakutosha. Sikushauri uijaribu hiyo nusu.

Wanaoikumbuka ATC, Air Tanzania ya baada ya 1977, wanajua Twin Otter siyo mgeni nchini. Ilikuwa nazo, na kabla yake East African Airways ilikuwa nazo. Kwa hiyo kijana huendi kwa mgeni, unaenda kwa mjomba aliyekuwa amesafiri.

Lile la mama yako na injini mbili nitalirudia usiku. Linahitaji kalamu na karatasi.

#4 Goma Kila Siku

Shikamoo Babu, lakini hapo kwa mapenzi umempamba bibi harusi kupita kiasi.

Mleta mada, mimi nimekula miaka sita kwenye Let 410 upande wa pili wa mpaka, Goma, Bukavu na viwanja ambavyo hata ramani inaona aibu kuviandika. Nayo haina presha, nayo siti 19, nayo injini mbili. Mcheki wa Kunovice aliichora akijua itapigwa. Magurudumu yanaingia ndani ya vifuko vya ubavuni, kwa hiyo haukokoti miguu hewani kama bata. Lile toleo la UVP-E linaruka na kilo 6,400. Injini moja ikifa wakati wa kupanda, propela inajilaza yenyewe, mapanga yanakaa ubavu yasiburute upepo, halafu upande wa injini nzima kuna kibao kinachochomoka juu ya bawa chenyewe kuzuia ndege isibinuke. Wewe hujafanya lolote, ndege imeshakusaidia. Twin Otter yenu ina nini? Ina taulo.

Nitakuwa mkweli nako. Zile za zamani saa zake zinasoma kwa mita na kilometa, vitabu vingine bado Kirusi, na injini yake ya Walter siyo PT6 ya Pratt & Whitney mliyozoea: ukikwama nayo Mwanza hutapata fundi anayeijua kila kona kama wanavyoijua Pratt. Na sifa mbaya ya Let Congo sehemu kubwa siyo ya ndege, ni ya watu na mizigo yao. Mnaikumbuka ya Bandundu, Agosti 2010? Watu 21 ndani, akanusurika mmoja. Habari zilizotoka zilimnukuu akisema mamba aliyefichwa kwenye begi alitoka, abiria wote wakakimbilia mbele, uzito ukahamia puani, basi. Tangu siku nilipoisoma, kuku hai simpandishi kabla sijaona kamba yake.

#5 Siti ya Nyuma

Mamba kwenye begi?? Naulizia ratiba ya meli.

#6 Mwana wa Igombe

@Goma Kila Siku umenichekesha lakini kuku wa Ukerewe mimi nimewabeba sana.

Nikiri jambo. Caravan ninaipenda, ila kila nikiwa juu ya ziwa kuna hesabu inayopita kichwani bila kuitwa. Kwenda Bukoba natumia kimo cha futi 8,500. Ziwa lenyewe liko kama 3,720 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo chini ya tumbo la ndege nina futi 4,780 tu, siyo 8,500. Caravan ikiteleza bila injini inapata takriban maili mbili za baharini kwa kila futi elfu moja. Maili tisa na nusu. Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ni kama maili 94. Ndiyo maana mtaniona navuta kushoto kidogo: Kome, kisha Maisome, kisha Bumbire, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Abiria wanadhani nawaonyesha visiwa.

Ndiyo hiyo injini ya pili ninayoitaka. Kweli nikiipata hiyo hesabu itaniacha?

#7 Babu wa Pasiansi

Haitakuacha. Itabadilisha uwanja. Nipo na kalamu.

Caravan yako, ile 208B, ina farasi 675 na inaruka na kilo 3,969. Kila farasi anavuta kilo sita hivi. Twin Otter 300 ina farasi 620 kila upande. Zote mbili zikifanya kazi, kila farasi anavuta kilo nne na nusu, ndiyo maana inapanda kama mjusi. Zima moja. Sasa farasi 620 wanavuta kilo 5,670. Kilo tisa kwa kila farasi. Yaani umegeuka kuwa rubani wa Caravan nzito kuliko yako kwa tani moja na kilo mia saba, yenye nguvu pungufu, magurudumu yananing'inia, na inakuvuta ubavu. Kama ulidhani umepata injini ya akiba, ondoa wazo hilo kabla ya Ijumaa.

Vitabu vinasema kwa uzito huo, usawa wa bahari, siku ya baridi ya kawaida ya vitabu, injini moja inakupandisha futi 340 kwa dakika, na ukifika futi 11,600 imebaki na futi 50 tu kwa dakika. Sawa. Lakini sisi hatuko Tanga. Uwanja wetu uko futi 3,763. Kwa kimo hicho vitabu vinataka nyuzi saba na nusu. Saa nane mchana pale eproni ni nyuzi 30. Kila nyuzi moja ya ziada hesabu futi 120. Nyuzi 22 na nusu mara 120 ni 2,700. Ndege haijui kwamba iko Mwanza, inahisi iko karibu futi 6,500. Chora mstari kutoka 340 kule chini hadi hiyo 50 ya kwenye 11,600, utaona kwa 6,500 unabaki na futi 180 hivi kwa dakika, na hapo propela imelala vizuri, mguu wako umekaa sawasawa na injini iliyobaki ina afya. Kupanda futi elfu moja ni dakika tano na nusu. Ukiwa umeelekea ziwani, sawa, maji hayana kilima. Ukiwa umeelekea mjini, hesabu mawe ya Mwanza vizuri.

Hayo siyo ya kukutisha. Ni ya kukuonyesha injini ya pili inanunuliwa na nini: uzito. Punguza kilo mia nane ardhini na injini hiyo ya pili inakuwa kweli ile anayoifikiria mama yako. Jaza hadi mlangoni, umebaki na mapambo ya bawa.

#8 Goma Kila Siku

Babu hapo umemaliza. Narudi kwenye kibao changu kinachochomoka.

#9 Fundi Spana 14

Kwa kuwa mmefika kwenye uzito, niingie na mafuta mikononi.

Siti 19 ni za kwenye karatasi ya muuzaji. Ndege tupu ni kama kilo 3,360 vitabuni, na hiyo ni ikiwa mpya. Ya kwenu imepakwa rangi mara ngapi? Ina viraka vingapi? Ipimeni, msibishane. Tuchukulie kitabu: 5,670 toa 3,360, toa marubani wawili kilo 170, unabaki na 2,140. Jaza matangi yote, lita 1,430, hiyo ni kilo 1,144. Umebaki na kilo 996. Mtu na begi lake weka mia moja. Abiria kumi kasoro kilo nne. Kumi na tisa wanatoka wapi? Kwa safari ya Bukoba na kurudi na akiba yake mnaweza kubeba mafuta ya kilo 680 hivi, ndipo mnafika abiria 14. Anayepanda na 19 kila siku muulizeni ameacha nini chini: mafuta au ukweli.

Mleta mada, injini unaijua tayari, ni PT6 kama ya Caravan. Lakini sasa ziko mbili kwa betri moja. Betri ikiwa imechoka usiwashe kwa imani. Mzunguko wa kompresa usipofika asilimia 12 usifungue mafuta. Ukifungua mapema, moto unawaka bila upepo wa kuusukuma, joto linapanda, na kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde mbili. Sekunde mbili, siyo tatu. Nimeshuhudia kijana mmoja akiitazama saa ya joto kama anayetazama penalti. Sehemu ya moto ya injini ilifunguliwa, bili yake sitaiandika hapa kuna watoto.

Kingine. Bawa lina mwisho wake: saa 33,000 au miruko 66,000, chochote kitakachotangulia. Kwa safari zetu za kurukaruka kama kumbikumbi, Rubondo dakika 26, miruko ndiyo inatangulia. Piga: miruko 66,000 ya dakika 26 ni saa 28,600. Kwa hiyo mtu akikuambia "ndege hii ina saa chache", muulize imeruka mara ngapi.

Na ombi kutoka karakana: kwenye changarawe, kasi ikishapungua, ondoa rivasi, ule msukumo wa nyuma wa kufungia breki. Propela inafagia mawe na kuyala. Nyie mnaenda kunywa chai, sisi tunabaki na tupa tunapiga vidonda vya mapanga hadi usiku, taa ya tochi mdomoni.

#10 Mama Ndizi

Mimi siyo rubani, ni mfanyabiashara wa Bukoba na Mwanza, lakini hizi ndege ninazipanda kuliko baadhi yenu. Naomba niseme upande wetu.

Kwanza masikio. Mkishuka haraka mnatuua. Mwaka juzi nilimpandisha mjukuu wangu ana mafua, kampuni siisemi, tulivyoanza kuteremka mtoto alilia mpaka sauti ikakatika, akabaki anafungua mdomo tu. Kumbe hakuna presha mle ndani. Hakuna aliyetuambia.

Pili, kupimwa. Mnatuweka kwenye mizani mbele za watu kama magunia. Siku hiyo nilikuwa na mkungu wa ndizi na debe la senene, binti wa kaunta akasema kilo 15 tu, senene zibaki. Senene! Mwezi wa kumi na moja! Niliona ni roho mbaya. Leo nimesoma hesabu ya huyo Fundi nimenyamaza. Lakini mngetuambia hivi pale kaunta, siyo kutukaripia.

#11 Babu wa Pasiansi

Mama Ndizi, una haki ya kulalamika, na la masikio ni kosa la rubani asilimia zote.

Kijana, andika hili. Kwenye ATR, ndege kubwa yenye presha, mashine inamshusha abiria taratibu hata kama wewe unaporomoka. Kwenye hii, kimo chako ni kimo cha sikio la mjukuu wa Mama Ndizi. Futi 500 kwa dakika, usizidishe. Kurudi Mwanza ukiwa 9,500 una futi 5,700 za kushuka, dakika kumi na moja na nusu. Kwa noti 150 anza maili 29 kabla ya uwanja. Ukisubiri mpaka uone Jiwe la Bismarck umechelewa, utashuka kama mwewe na mtoto atalia. Waambie kabla ya kuwasha injini: mwenye mafua aseme, watoto wapewe pipi au ziwa la mama, wakubwa wabane pua na kupuliza taratibu.

Na oksijeni. Juu ya futi 10,000 zaidi ya nusu saa marubani wanatakiwa kuivuta, juu ya 13,000 muda wote. Kwa Bukoba na Rubondo hutaihitaji. Itakujia siku ukipelekwa Arusha, maili kama 229, wingu limekaa juu ya milima ya Ngorongoro na Loolmalasin ana mita 3,682 ndani ya hilo wingu. Hapo utatamani presha kweli. Huwezi kupanda juu ya hali ya hewa, unaizunguka au unarudi. Mimi nimerudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na sijawahi kusikia aliyekufa kwa kurudi.

Ndiyo sababu ziwa hili linakuwa mwalimu. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unatoka pande zote unaingia ziwani, unakutana katikati na kupanda. Radi za alfajiri unazoziona upande wa magharibi zinatokana na hapo. Asubuhi zinasogea Bukoba, ndiyo maana Bukoba mvua yake ni ya chai ya asubuhi. Mchana mambo yanageuka, ziwa linasukuma upepo nchi kavu na mawingu yanajenga juu ya vilima. Ratiba ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi inapendeza kwenye tangazo. Mimi nilikuwa nasimama nje ya mlango wangu hapa Pasiansi saa kumi na moja, natazama magharibi. Umeme ukiwaka mara tatu kabla sijamaliza kupiga mswaki, nilipiga simu kwamba tutaondoka saa tatu. Meneja mmoja alinichukia kwa hilo miaka minne.

#12 Dagaa Kauzu

Babu, swali la biashara. Nina mabondo na minofu ya sangara, Mwanza hadi Dar. Twin Otter inanifaa?

#13 Babu wa Pasiansi

Maili 460 kwa noti 150, saa tatu na dakika zake, bila choo, na mafuta yanakula nafasi ya mzigo wako. Mabondo kidogo sawa, ni mepesi na yana bei. Minofu hapana, mpe mwenye ndege kubwa. Mimi ni wa enzi za Ilyushin zinashusha tumbo pale Mwanza kuchukua sangara, ndege kazi yake inajulikana kwa umbo lake.

#14 Goma Kila Siku

Dagaa Kauzu kuna SkyCourier ya Cessna, nayo haina presha, injini mbili za farasi 1,100 kila moja, imepata cheti Marekani 2022. Inabeba hadi kilo 2,700 za mzigo, na mlango unaingiza makontena matatu ya ndege kubwa. Ikifika Mwanza nitafute mimi, siyo Babu.

#15 Mpanda Milima

Naona F406 imesahaulika. Niliirusha kidogo. Ni Cessna ya Reims, Ufaransa, mbili za PT6 za farasi 500, magurudumu yanaingia ndani, inaiacha Twin Otter mbali kwa mwendo. Wafaransa wa forodha waliitumia kulinda bahari yao, na Waskoti kufukuza wavuvi haramu. Ningependa kuiona moja juu ya ziwa letu ikiwatafuta wenye nyavu za timba, lakini hiyo ni mada nyingine. Kasoro: ndani unatembea umeinama kama unaingia zizini, na kwenye changarawe siyo ndege ya kupigwa. Kwa abiria wawili watatu wenye haraka, F406. Kwa kiboko wa Babu, Twin Otter.

#16 Siti ya Nyuma

Mleta mada Ijumaa imepita. Umesaini au tumesoma bure?

#17 Mwana wa Igombe

Wadau samahani kwa ukimya, nilikuwa darasani.

Nilisaini. Kabla ya kusaini niliomba kitu kimoja, nionyeshwe karatasi ya kupima uzito ya ndege yenyewe. Jamaa wa ofisini alinishangaa, kapteni mkuu hakushangaa, aliifungua mezani na kuniwekea kidole kwenye mstari: tupu yake imezidi ya kitabu kwa kilo 112. Akasema "ndiyo maana hatupakii 14, tunapakia 13". Hapo nikachukua kalamu. @Fundi Spana 14 rangi kweli zina uzito.

Wiki iliyopita tumeenda kufanya mazoezi juu ya ziwa, bila abiria. Tukiwa 8,500 kapteni akarudisha leva moja nyuma bila kunitazama. Ndege ilivuta kulia kama punda aliyeona nyoka. Nilikanyaga pedali ya kushoto mpaka paja likaanza kutetemeka, nikalishika kwa mkono. Mguu wa kulia haukuwa na kazi, ndipo nikajua upande upi umekufa, siyo kwa saa, kwa mguu. Tukiwa wepesi ilipanda vizuri tu. Kapteni akasema sasa fikiria abiria 13, saa nane mchana, na mawe mbele. Akairudisha leva. Hatukuongea mpaka tukakiona kisiwa cha Saanane.

Visiwa bado navihesabu. Kome, Maisome, Bumbire. Kapteni alinikuta nafanya hivyo akauliza natafuta nini, nikamwambia mazoea. Akasema na yeye.

Mama sijamwambia ya futi 180. Anaulizia tu kama kweli zipo mbili, namwambia zipo mbili.

Babu, goti langu la kushoto limelowa tayari mara mbili. Na jana jioni nikitoka uwanjani kuja mjini, kwenye mteremko nilitaka kupangua gia, mkono wa kushoto ukaenda moja kwa moja kwenye paa la gari.